Mkoba wa Kukaa Miguuni

"Mama! Ai, mama! Unafanya nini?"

Phelesia hakuinua kichwa. Shazia lilikuwa limezama nusu katika kitambaa kigumu cha mkoba wa buluu, na shazia likishafika nusu halisimamishwi. Ukilisimamisha linapinda, au linarudi kukutafuta kidole. Akalisukuma kwa kiganja, akalidaka upande wa pili, akavuta uzi wa nailoni mpaka ukalia.

"Si unaona? Nashona."

"Unashona mkoba?"

"Nashona mdomo wake. Si unaenda mbali?"

Joyline alibaki mlangoni, nguo za watoto alizotoka kuanua zikiwa begani, harufu ya jua ikiingia pamoja naye. Alikuwa mke wa Cliff, kifungua mimba wa Phelesia, na alikuwa amekuja kutoka Kanada kuwachukua wanawe wawili, Achieng na Valary. Kesho asubuhi wangepanda ndege ndogo pale Homa Bay hadi Nairobi, kisha ndege kubwa hadi Uarabuni, kisha nyingine kubwa kuliko hiyo, mchana na usiku na mchana tena, mpaka pale Cliff alipokuwa akiwangoja.

Achieng, yule mkubwa, aliyemwita nyanya yake dani kwa Kijaluo, alikuwa tayari amejitupa kwenye kochi kwa kicheko. "Dani, umefunga begi kama gunia la viazi! Sasa huko juu tutafungua na nini? Na meno?"

"Wewe cheka tu," akasema Phelesia, kicheko kikianza kumponyoka naye pia. "Zipu nazijua. Zipu za Oyugis hupasuka kabla mtoto hajafika lango la shule. Mtu atoke hapa mpaka Kanada akitegemea zipu?"

Msimcheke sana. Tangu Joyline hajazaliwa, Phelesia alikuwa akipakia viazi vitamu katika soko la Oyugis. Magunia yake ni yale yanayojazwa mpaka yapite mdomo, yakavishwa kilemba cha majani na wavu, yakashonwa kwa mshono wa kwenda na kurudi, yakarushwa juu ya lori. Gunia lililoshonwa vibaya hufika Nairobi likiwa limetapika barabara nzima. Katika maisha yake hapakuwa na kitu alichokituma mbali bila kukishona mdomo: si viazi, si mahindi ya Cliff alipokuwa shule ya bweni, si godoro la dada yake alipoolewa kule Sori. Mshono ndio uliokuwa kwaheri yake.

Joyline akaweka nguo chini, akaketi mkekani mbele yake. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka na kulia, asijue kipi kitatangulia.

"Mama, ile mikubwa miwili ndiyo inaingia tumboni mwa ndege. Hiyo hata ukishona, sawa tu, tutaiona huko mbele. Lakini huu ni wa kukaa miguuni. Tunaingia nao ndani. Njia nzima ni kufungua na kufunga. Homa Bay watataka kuona ndani, Nairobi watataka kuona, Uarabuni tukibadilisha ndege watataka kuona."

"Watu wote hao wanataka kuona soksi za Valary?"

"Wote."

"Hawana kazi."

"Hiyo ndiyo kazi yao, mama."

Phelesia akautazama mshono wake, mzuri, ulionyooka kama mstari wa mahindi, akashusha pumzi. Akachukua ncha ya shazia akaanza kufumua.

Mdomo wa mkoba ulipofunguka, Joyline akatoa kimoja kimoja. Chupa ya samli. "Hii hairuhusiwi mama, ni ya majimaji." Kopo la omena wa kukaanga. "Huyu atanuka ndege nzima." Phelesia akasema kwamba hao watu wengine wangekuwa na bahati ya kunusa kitu cha maana, lakini kopo likaenda kando. Kisha kisu kidogo cha kumenyea viazi, na hapo Joyline akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Woi, mama. Kisu!"

"Watamenya na nini?"

"Na hilo shazia lenyewe, tafadhali, lisije likaingia humo hata kwa bahati mbaya. Wataniweka ndani, nikuachie watoto miaka mingine."

Alisema kwa mzaha. Lakini maneno yalipotua chini hakuna aliyecheka.

Chini ya meza, nyuma ya pindo la kitambaa, macho mawili yalikuwa yakifuatilia vitu vinavyotolewa. Huyo ndiye Valary. Mama yake alipoondoka, alikuwa akitambaa; sasa alikuwa akitumwa chumvi dukani na kurudi na chenji. Mwaka baada ya mwaka karatasi za kusafiria za watoto zilikuwa zimekwama, zikakwamuka, zikakwama tena.

"Valary," Joyline akaita, sauti ikijaribu kuwa nyepesi. "Njoo umwonyeshe mama viatu vyako vya safari."

Valary akatoka. Akampita Joyline kama mtu anavyompita mbwa wa jirani, kwa heshima na kwa mbali, akazunguka mpaka mgongoni kwa Phelesia, akamkumbatia shingo.

"Mama," akamnong'oneza Phelesia, mnong'ono ambao hata kuku wa nje waliusikia, "huyu aunty anatoa vitu vyetu."

Joyline akainama juu ya mkoba, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Achieng," Phelesia akasema, "mpeleke mtoto akaangalie kama kuku wametaga."

"Dani, sasa hivi? Saa hii kuku hawatagi, hata wao wanajua."

"Nyakwara, mjukuu wangu, nenda."

Achieng akaelewa, akamshika mdogo wake mkono wakatoka.

Joyline akalia basi. Alilia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia katika nyumba zenye kuta nyembamba. Phelesia akaendelea kufumua. Alijua kwamba mtu hulia vizuri zaidi asipotazamwa.

"Sijui nitafanyaje," Joyline akasema hatimaye. "Usiku nikimgusa anakauka kama kijiti. Safari yote hiyo, mama. Ndege ikitikisika atakutafuta wewe. Atalia, naye atakuwa akinikimbia mimi, na kule ndani hakuna pa kukimbilia. Halafu wale wa uhamiaji. Wao huinama wakamwuliza mtoto mwenyewe, kwa upole, nani mama yako. Karatasi ninazo. Lakini yeye atasema ni Phelesia."

Phelesia akavuta uzi. Jina lile, mama, kutoka kwa kinywa kile kidogo, lilikuwa likimwamsha kila asubuhi. Alikuwa ameliacha likae kwa sababu lilikuwa tamu. Na sasa lilikuwa limeota mizizi mahali ambapo si pake.

"Nyar Sakwa," akasema. Ndivyo alivyomwita tangu aolewe, binti wa Sakwa, kwa jina la kwao kule upande wa Awendo. "Nisikilize. Mzee alipokufa, na Cliff akaondoka, nilikuwa nikipika ugali wa mtu mmoja. Umewahi kupika ugali wa mtu mmoja? Haugeuziki. Mwiko hauna pa kushika. Halafu wewe ukaniletea hawa wawili. Wenzangu wengine, wake za wana wao huwaachia kuku, na hao kuku wamehesabiwa. Wewe uliniachia mtoto anayetambaa, ukageuka ukaenda. Sijui ulitembeaje. Mimi sina lawama na wewe. Nina asante, na sijawahi kukupa, kwa hiyo shika leo."

Joyline akafuta uso kwa shati la Achieng. "Mimi ndiye wa kushukuru, mama."

"Basi tushukuru kwa zamu. Leo yangu."

Nje kikasikika kikohozi kikubwa, kile cha mtu anayetaka ijulikane kwamba amefika lakini hakusikia neno. Alikuwa Benta, mwenzake Phelesia wa sokoni, na kicheko chake cha kimbea na mfuko wa njugu alizozikaanga mwenyewe.

"Wenye safari mpo? Nimeleta njugu za kutafuna angani." Akauona mkoba, akaona uzi. "Phelesia! Usiniambie umeshona."

"Nilishona."

"Mshono wa kwenda na kurudi?"

"Huo huo."

Benta akaupapasa ule ukingo uliobaki na matundu madogo. "Mzuri," akasema kwa heshima. Kisha akamgeukia Joyline. "Msikilize Benta, mwanangu. Viazi vizuri juu, vidogo chini. Ndivyo tunavyowafanyia watu wa Nairobi na hawajawahi kutushika."

Joyline akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Huu ni hivyo hivyo, mama Benta. Cha haraka kinakaa juu. Nguo ya kubadilisha, dawa ya homa, tishu, kitu cha kutafuna. Na blauzi yangu moja pia, kwa sababu mtoto akitapika hajitapikii mwenyewe, anakutapikia wewe."

"Huyu anajua kupakia," Benta akamwambia Phelesia, kana kwamba Joyline ni kibarua mpya.

Akajisogeza kwenye mkeka, akaukamata mkoba kwa mazoea, mikono miwili, akautanua mdomo. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, Benta akishika mdomo wa gunia na Phelesia akijaza, kwa kuwa gunia la viazi halijazwi na mtu mmoja. Mdomo hujifunga, viazi huchubuka. Wawili wakishika gunia pamoja muda mrefu, mmoja huanza kujua mwenzake amekula nini mchana. Phelesia aliitazama mikono ya Benta pale kwenye mdomo wa mkoba.

"Toa mikono, Benta."

"Haiya! Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Leo Nyar Sakwa ndiye atashika mdomo." Akageukia dirishani, akaita: "Valary! Njoo ujaze gunia!"

Mtoto alikuja mbio. Kujaza gunia ilikuwa kazi aliyoiomba tangu ajue kusimama, na kila mara akaambiwa bado. Akafika, akaona mdomo umeshikwa na nani, akasita.

"Mama, shika wewe."

"Mimi nafunga vifurushi. Kila mtu ana kazi yake. Huyo ameshika, wewe jaza, au nimwite Achieng?"

Valary akamwangalia Achieng aliyekuwa mlangoni, tayari akikunja mikono ya sweta. Akasogea.

Hapo Phelesia akaanza kazi aliyoibuni wakati huo huo. Alichana kanga yake kuukuu vipande, akafunga ndani ya kila kipande kitu kimoja, akakipiga fundo. Kabla ya kumpa Valary fundo, alimwinamia Joyline na kumnong'oneza sikioni kitendawili na jibu lake. Njugu zilikuwa mapacha wenye shati jekundu waliofungiwa katika nyumba ya mikunjo. Kitana kilikuwa ng'ombe wa meno mengi anayelisha juu ya kilima cheusi asishibe. Kipande cha kiazi kilichokaushwa kilikuwa bibi mnene aliyelala udongoni akaamka mtamu. Valary alivipenda vitendawili kuliko sukari. Katika nyumba hii ya nyanya hakuna jioni aliyolala bila kutegewa.

"Niambie na mimi!"

"Wewe utategewa huko juu, mawinguni. Fundo halifunguliwi mpaka kitendawili kijibiwe. Ukishindwa, unatoa mji, unafunguliwa."

"Nani atanitegea?"

"Aliye na majibu."

Valary akamtazama Joyline kwa muda mrefu, jinsi mteja anavyotazama gunia analoshuku.

"Mji gani?" akauliza.

"Wowote. Mpe Rongo. Mpe Kendu Bay. Mpe Awendo, si ni kwao."

"Oyugis simpi."

"Usimpe."

"Hata mimi singempa Oyugis," Joyline akasema taratibu. "Oyugis ni yako."

Valary akaingiza fundo mkobani. Aliingiza kwa mkono ulionyooshwa sana, mwili ukiwa umebaki nyuma. Fundo la pili hivyo hivyo. Kufikia lile la pipi, zile za kumumunya ndege inapopanda ili masikio yasizibe, mkoba ulikuwa umejaa kiasi, ikabidi asogee na ashindilie. Mkono wake ukagusana na wa Joyline mle ndani. Hakuutoa haraka. Phelesia akaona, akajifanya anatafuta kitambaa kingine.

"Dani," Achieng akasema, "na mimi mkubwa nifungiwe basi. Ama vitendawili ni za watoto?"

Akafungiwa chake. Benta naye akadai cha kurudi nacho nyumbani. Jioni hiyo walicheka mpaka chai ikapoa, na Phelesia alipoomba kabla ya chakula alishukuru kwa vitu vingi sana: kwa karatasi zilizokwamuka, kwa kuku, kwa mikono ya Nyar Sakwa, kwa aliyegundua zipu, Mungu amsamehe. Ugali ukaingoja amina.

Asubuhi Jared, kaka yake Joyline, alifika kutoka Awendo na gari alilokuwa ameazima kwa rafiki. Kwa siku nyingine Jared ni dereva wa lori la miwa, mwenye sauti ya kuitia magari ng'ambo ya mto. Lakini hapa alikuwa mbele ya mama mkwe wa dada yake, kwa hiyo alikunywa chai yake nje, amesimama, kikombe kwa mikono miwili, na alipoulizwa kama anataka mkate akasema hata chai ni nyingi.

Njiani Valary alikaa mapajani kwa Phelesia. Joyline alikaa kando yao, mkoba wa buluu miguuni.

Uwanja wa ndege wa Homa Bay ni mdogo. Mtu akiitwa upande huu anaitika upande ule. Jengo ni moja, na wasindikizaji huishia mlangoni, mahali palipowekwa kamba. Phelesia akambusu Achieng, ambaye alikuwa ameweka uso wa mtu mzima na pua ya mtoto. Akampa Joyline mkono, kisha wakaacha mkono wakakumbatiana. Valary akashikishwa mkono wa mama yake. Aliukubali kwa sababu alidhani Phelesia anafuata nyuma.

Phelesia alisimama kwenye kamba. Kutoka hapo aliona kila kitu: meza, mashine ya kukagulia, na mkaguzi, mama mnene mwenye jina Nyabuto kifuani. Mkoba wa buluu uliingia, ukatoka, ukafunguliwa. Mafundo ya kanga yakamwagika mezani.

"Hii ni nini sasa?" Nyabuto akauliza. "Umefunga duka?"

"Usifungue!" Valary akapiga kelele. "Bado hujategewa!"

"Kazi yangu ni kufungua, mrembo."

"Kitendawili!" Joyline akasema ghafla. Viatu vyake vilikuwa mkononi, uso umemwiva, lakini alisema kwa sauti.

Nyabuto akatazama mstari wa abiria nyuma yao, akatazama mtoto. "Tega," akasema.

"Nina vifuko viwili. Havishiki pesa, havishiki unga, vinashika vidole."

"Glavu!"

"Siyo. Toa mji."

"Nimewapa Kisii, na soko lake." Akafungua fundo, zikatoka soksi, na hata mzee mmoja mwenye kofia kule nyuma akacheka. Valary akacheka pia. Phelesia akaanza kupumua.

Nyabuto alikuwa mtu mwema. Alifunga fundo upya, na vizuri. Na kama watu wema wanavyofanya, akainama kumsemesha mtoto. "Haya, mrembo wa vitendawili. Na mama yako ni yupi?"

Valary akageuka, akanyoosha kidole mlangoni. "Yule pale."

Nyabuto akaichukua pasipoti ya Valary iliyokuwa mezani, akaifungua, akamtazama mtoto, akamtazama Joyline. Hakutazama kwa ubaya, lakini alitazama.

"Ni mimi mama yake," Joyline akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba.

Wakati huo Valary alikuwa ameelewa kwamba Phelesia hatoki pale mlangoni. Akachomoa mkono, akakimbia, akapita chini ya kamba na kujibandika kwenye miguu ya nyanya yake.

"Mama, twende nyumbani."

Mikono ya Phelesia ilishuka yenyewe. Ilikuwa mikono ya kuinua. Maisha yake yote kitu kikimsimamia miguuni alikiinua. Ilifika nusu. Kisha akairudisha, akaipeleka nyuma ya mgongo, mmoja ukaushika mwingine kwa nguvu.

"Mimi ni dani," akasema. "Mimi ni mama ya baba yako. Mama ni yule."

"Yule ni aunty."

"Si aunty. Kitendawili!"

Valary akanyamaza. Alikuwa na machozi mpaka kidevuni, lakini sikio lake halikujua kukataa neno lile. "Tega," akasema kwa kwikwi.

Hiki hakikuwamo katika mafundo. Phelesia mwenyewe hakujua kitakuwa nini mpaka kilipomtoka.

"Nyumba yangu ya kwanza haikuwa na taa wala dirisha, na mwenye nyumba alitembea nayo mpaka sokoni."

Mtoto akafikiri. Alifikiri kwa mwili wote, paji limekunjamana. "Gari?"

"Siyo."

"Konokono?"

"Siyo. Mimi jibu sina. Muulize yule. Ndiye peke yake analo."

Joyline alikuwa amesimama pale mezani bila viatu, na Phelesia aliona kwamba hajui jibu. Yule mke wa mwanawe hakuwahi kuwa hodari wa vitendawili. Alitoa miji kama mtu anayetapanya njugu. Nyabuto alikuwa ameshapata jibu, midomo yake ilionekana, lakini akaibana kwa vidole viwili na kutazama dari. Abiria hawakusukumana. Mzee mwenye kofia aliivua, sijui kwa nini.

Valary akatembea kurudi, polepole, akisimama njiani kutazama nyuma. Phelesia hakusogeza hata unyayo.

"Nyumba gani?" Valary akamwuliza Joyline. Aliuliza kwa ukali kidogo.

Joyline akarudia maneno yale kwa midomo tu. Haikuwa na taa. Wala dirisha. Alitembea nayo mpaka sokoni. Kisha viatu vikamwanguka mkononi. Akapiga magoti sakafuni, akamwambia mtoto jambo sikioni, akauchukua ule mkono mdogo na kuuweka juu ya tumbo lake.

Valary akajivuta nyuma kumtazama usoni. "Humu?"

"Humo."

"Mimi?"

"Wewe. Na ulikuwa unapiga mateke. Nikiwa kwenye foleni ya benki, unapiga. Nikiwa kanisani, unapiga."

Mtoto akalibonyeza tumbo mara moja, kama anayekagua kiazi. Akamgeukia Nyabuto.

"Nilikaa humu," akamwambia. "Hakukuwa na taa."

"Hata stima?" Nyabuto akauliza. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakujali.

"Hata stima."

"Pole sana, mrembo. Ulivumilia."

Joyline akavaa viatu. Akajaza mkoba haraka haraka, vikubwa juu na vidogo chini na vingine kombo, akavuta zipu. Ikafunga. Akanyoosha mkono. Valary hakuushika wote. Alishika kidole kimoja, cha mwisho, na kukizungusha kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango. Wakatoka kwa mlango wa pili, Achieng mbele akipunga mikono yote miwili, na jua likawameza.

Phelesia alizunguka jengo mpaka kwenye uzio. Jared akamfuata hatua za heshima nyuma. Abiria walipanda ngazi fupi mmoja mmoja. Kanga ya mtu ikapepea, mtoto wa mtu akabebwa. Kutoka pale hakuweza kujua ni nani. Mlango ukafungwa, pangaboi zikaanza kunguruma, nyasi za kando zikalala chini.

Madirisha yalikuwa madogo na yote yalifanana. Hakujua lao ni lipi, basi akayapungia yote, kuanzia la mbele, akisema asante kwa kila moja, asante, asante, jinsi mtu anavyosalimia benchi zima la wageni asimruke yeyote. Ndege ikaanza kusogea. Katika dirisha la mwisho kabisa mkono mmoja uliinuka ukampungia. Ulikuwa mkubwa mno kuwa wa mtoto, na juu yake palikuwa na kitu kama ukingo wa kofia ya yule mzee.

Phelesia akamshukuru huyo naye, akaendelea kupunga.